Uyoga wa Miti Mizee: Namna ya Kuutafuta, Kuuandika na Kuulinda kati ya Jinja na Mbale

Tafuta mti kwanza, kuvu baadaye. Wengi huanza kinyume: jicho linavutwa na kitu chekundu kwenye gogo, simu inatolewa mfukoni, picha inapigwa, safari inaendelea. Picha hiyo haitamfaa mtu, kwa sababu haisemi gogo lilikuwa la mti gani, nene kiasi gani, wala kama mti ulikuwa bado hai. Kuvu zinazokula mbao zina uchaguzi. Nyingine hula chochote kilichokatwa na kuachwa juani. Nyingine hazitaki ila moyo wa aina moja ya mti, na mti wenyewe uwe umeishi miaka mingi. Hizo za pili ndizo mwongozo huu unazozitafuta.

Mti mchanga ni hai karibu wote. Mti mzee una sehemu mbili: tabaka la nje linalopandisha maji na kuendelea kukua, na moyo, yaani mbao nzito ya ndani ambayo uhai umekwisha kuihama. Katika miti mingi moyo huo umelowa kemikali za kuzuia wadudu na uozo. Kuvu yenye uwezo wa kuzivunja ni fundi wa kazi moja. Huingia kupitia kidonda, tawi lililovunjika au mzizi uliochubuliwa na jembe, ikala polepole kwa miaka bila mtu kuiona, mpaka siku inapochomoza ubavuni mwa shina kama rafu ngumu. Kile unachokiona nje ni sehemu ya kuzalia tu. Mwili wenyewe ni nyuzi zilizotapakaa ndani ya mbao.

Kwa hiyo ondoa kwanza dhana kwamba mti wenye uwazi ndani ni mgonjwa wa kukatwa. Uhai wake uko nje, na unaweza kusimama, kuchanua na kuzaa kwa miongo mingi baada ya moyo kuliwa. Ndani ya uwazi huo nyuki huweka asali, popo hulala, na hondohondo jike hujifungia kwa tope akalea makinda huku dume likimlisha kupitia ufa mdogo. Hakuna kuvu, hakuna uwazi.

Uingereza jambo hili limeingia hata kwenye sheria. Sheria yao ya wanyamapori na mashamba ya mwaka 1981 inazilinda kuvu chache kwa majina, na mojawapo ni Buglossoporus quercinus, ambayo huota kwenye mialoni mikongwe tu. Mwaloni hauna asili ya Uganda; mialoni ya porini barani Afrika iko kaskazini ya Sahara. Lakini mfano wetu upo. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki kuna mtarakwa, ule mwerezi wa milimani ambao nguzo zake za ua hudumu miaka na miaka ardhini. Moyo wake unaliwa na kuvu iitwayo Pyrofomes demidoffii, yenye umbo la kwato na nyama ya rangi ya tofali jekundu, ambayo kazi yake ni miti ya jamii hiyo. Wataalamu wa misitu wa zamani waliiandika kama mwizi wa mbao. Mtarakwa hupenda miteremko mikavu: kaskazini mwa Mlima Elgon, upande wa Kenya, na milima ya Karamoja. Ukitoka Mbale ukapanda kupitia Kapchorwa ukaukuta mtarakwa mnene, zunguka shina lote kabla hujafanya lolote lingine.

Jinja: fuata mvule

Karibu na Jinja mti wa kuanzia ni mvule. Busoga, eneo linaloizunguka Jinja, ilijulikana kwa mivule, na iliyobaki imesimama peke yake katikati ya mahindi, kahawa na miwa, mingine ikiwa mirefu kuliko kitu chochote kijijini. Mvule mkubwa unaweza kufika mita 50. Mbao yake ya ndani hushinda mchwa na uozo, ndiyo maana maseremala na mafundi wa mitumbwi wanaitafuta. Na kwa sababu hiyo hiyo, kuvu iliyoweza kuutoboa moyo wa mvule ulio hai inastahili kuandikwa kwa makini kuliko rundo la uyoga lililoota kwenye kisiki cha mwembe.

Mjini kwenyewe kuna miti ya kale kando ya barabara za nyumba za zamani, kama Nile Crescent, na kwenye bustani zinazoelekea mtoni. Hiyo ni ya kujifunzia: unafika kwa boda boda, unaizunguka kwa nusu saa, unarudi tena mvua ikinyesha. Ukitaka msitu, vuka daraja uelekee Mabira, msitu wa kilomita za mraba takriban 300 ambao barabara kuu ya Kampala inaupasua katikati. Mwaka 2007 serikali ilitaka kuigawa karibu robo yake, hekta 7,100, ipandwe miwa. Watu waliandamana Kampala, damu ikamwagika, na mpango ukasimama. Ukiingia humo usikimbilie njia za ndani kabisa. Magogo yaliyoanguka yenyewe karibu na njia ya wageni yanakutosha kwa siku nzima.

Neno moja la pembeni kwa atakayevuka mto: upande ule wako watu wa ukoo wa Butiko wa Buganda, ambao uyoga ni mwiko wao. Usimsukumie mwenzako mkononi kitu ambacho hataki kukishika.

Mbale: panda mlima

Mbale hali inageuka. Miti mizee iliyo mjini ni michache, na utajiri uko juu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Huko kuna mipodo, kuna Prunus africana ambao magome yake huuzwa nje kutengenezea dawa ya tezi dume, na kuna mti ambao maseremala wa Mbale huuita Elgon teak ingawa hauna udugu na msaji. Ni wa jamii ya mzeituni, ndugu wa loliondo wa Tanzania. Hii mitatu, pamoja na mtarakwa, iwe orodha yako ya kwanza.

Angalia tofauti ya mwinuko. Kule Jinja gogo likianguka, mchwa wanaanza kazi mara moja, na kuvu inapaswa kushindana nao. Kadiri unavyopanda mlima mchwa wanapungua, baridi inaongezeka, na gogo nene linakaa muda mrefu likiwa na kuvu za rika mbalimbali: zile za mwanzo zinazokuja gome likiwa bado limeshika, na zile za mwisho zinazokuja mbao ikiwa imelainika kiasi cha kuingia kidole. Gogo moja la mpodo lililooza nusu linaweza kukufundisha zaidi ya kilomita tano za kutembea.

Usidhani kuvu hizi zote zimekwisha kujulikana. Mwaka 2005 wachunguzi walieleza spishi mbili za Fomitiporia zilizokuwa hazijulikani, kutoka misitu ya milimani Ethiopia. Mwaka huo huo Perpetua Ipulet wa Chuo Kikuu cha Makerere na Leif Ryvarden wa Norway walichapisha kuvu za mbao mpya na za kuvutia kutoka Uganda. Kitabu ambacho wengi bado wanakitegemea kwa kuvu zenye vitundu za Afrika Mashariki, cha Ryvarden na Johansen, ni cha mwaka 1980, na cha uyoga wenye kofia, cha Pegler, ni cha 1977. Ni vitabu vizuri, lakini umri wake unakuambia jambo: usitegemee kwamba kila unachokikuta kina jina. Hata duniani, kati ya kuvu zaidi ya 150,000 zilizopewa majina, Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini ilikuwa imezipima 1,300 tu kufikia Machi 2025, na 411 kati ya hizo ziko hatarini. Kwa hiyo neno “adimu” usilitumie ovyo. Andika ulichokiona, uadimu utaonekana rekodi zikiwa nyingi.

Wakati na vifaa

Kuvu ngumu za rafu huonekana mwaka mzima, na nyingine huongeza tabaka jipya chini kila msimu, hivyo kiangazi ni wakati mzuri wa kuzitafuta kwa kuwa majani ni machache na njia ni kavu. Uyoga laini hudumu siku chache. Jinja mvua kubwa huja Machi hadi Mei, kisha tena kuanzia Septemba mpaka Novemba hivi. Elgon mvua hutanda karibu mfululizo kuanzia Aprili hadi Oktoba, na Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, barabara za Mbale hujaa wachezaji wa imbalu, sherehe za tohara. Kama una haraka, chagua mwezi mwingine.

Huhitaji vifaa vya bei. Beba kamba au futi ya fundi cherehani, kisu kidogo, kioo cha mkononi, daftari, kalamu ya risasi (wino huyeyuka mvua ikinyesha), mifuko ya karatasi ya kaki, na simu yenye chaji. Kaveera usibebe, kitu kibichi ndani ya plastiki hutoa jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani. Kioo ndicho kifaa ambacho wageni wa kazi hii hukisahau. Kuvu nyingi hubagulika kwa upande wa chini, nawe ukiwa na kioo unauona bila kubandua kitu.

Kabla ya kuuzunguka mti, tazama juu. Tawi kavu likianguka halikupi onyo, na uwazi unaoufurahia unaweza kuwa na mzinga wa nyuki. Simama kimya, sikiliza, ndipo usogee.

Namna ya kuuzunguka mti

Pima mzingo wa shina kwa urefu wa kifua, kama mita 1.3 kutoka ardhini. Mimi huupa kipaumbele mti wenye mzingo wa kuanzia mita tatu, lakini mti mwembamba wenye vidonda vya zamani na matawi yaliyokufa nao usiuache. Anza chini, mahali shina linapokutana na mizizi, kwa maana kuvu nyingi za moyo na za mizizi hujitokeza hapo, mara nyingi zikiwa zimefunikwa na nyasi au majani makavu. Panda na macho: makovu ya matawi, midomo ya matundu, mistari ya radi. Kisha angalia ardhini chini ya mti. Tawi nene lililoanguka limekuletea kile ambacho usingeweza kukifikia.

Piga picha tano kwa kila kuvu: mti mzima, gome na jani la mti, kuvu kwa juu, kuvu kwa chini, na kuvu kwa ubavu ikionyesha ilivyoshikamana na mbao. Weka sarafu ya shilingi mia tano kando yake ili ukubwa uonekane. Halafu andika yale ambayo picha haiyasemi: mti uko hai au umekufa, kuvu iko urefu gani kutoka chini, ni ngumu kama mbao au inabonyea, ina harufu gani, ukiikwaruza inabadilika rangi au la. Upande wa chini eleza kwa maneno ya kawaida: vitundu vya mviringo, vitundu virefu, miiba midogo, laini tupu, au vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu.

Mbao iliyooza nayo inazungumza. Ikiwa imepauka, imekuwa nyeupe na inachanika kama nyuzi, kuvu imekula lignini, ile gundi inayoipa mbao ugumu. Ikiwa imekuwa ya kahawia na inapasuka katika vipande vya mraba vinavyosagika kwa vidole, kuvu imekula selulosi na kuiacha gundi. Andika ni ipi. Ni sentensi moja tu, lakini humpunguzia mtaalamu kazi ya nusu siku.

Kuna sura ambazo utazikuta kila mahali, na ni vyema uzizoee mapema ili zisikuchanganye. Pycnoporus sanguineus ni ile nyembamba ya rangi ya chungwa iliyoiva inayong’aa kwenye nguzo na matawi makavu yaliyo juani. Schizophyllum commune ni kama upepeo mdogo wa kijivu wenye manyoya juu. Auricularia ni kama sikio laini la kahawia, hukunjamana kiangazi na kuvimba tena mvua ikija. Xylaria ni vidole vyeusi vinavyochomoza kwenye magogo. Ganoderma ni rafu nzito ambayo upande wake wa chini ni mweupe na ukiuchora kwa ukucha hugeuka kahawia papo hapo; ishia kwenye neno Ganoderma, kwa sababu spishi zake zimewasumbua hata waliobobea, na wauza dawa wanaoziita zote kwa jina moja hawajasaidia. Uyoga mkubwa mtamu unaochomoza kwenye vichuguu si wa mwongozo huu. Ule hulimwa na mchwa chini ya ardhi.

Usile chochote ulichokitoa mtini kwa kulinganisha na picha. Wanaotaka kula wanunue uyoga wa Pleurotus wa wakulima, unaopandwa kwenye maganda ya mbegu za pamba.

Ruhusa

Mvule ulio shambani una mwenyewe, na mtu anayeuzunguka kwa futi mkononi hudhaniwa ni mnunuzi wa mbao au dalali wake. Anza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha mwenye shamba, na useme lako mapema: “Mzee, habari za hapa. Sikuja kununua mti. Naomba kuuangalia tu na kupiga picha ya hivi vinavyoota kwenye shina.” Kama mti ni wa matambiko, kama ilivyo baadhi ya miti ya pande za Bujagali karibu na Jinja, usiuguse mpaka mwenye mamlaka ya mahali hapo aseme neno.

Ndani ya Hifadhi ya Elgon uko chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda: lipa kiingilio, chukua mwongozaji, na picha utapiga upendavyo. Kukata hata kipande ni jambo jingine, kunataka kibali cha utafiti kutoka kwa Mamlaka hiyo na kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mabira iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Kutuma kipande nje ya nchi kuna masharti yake tena, maana Uganda ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, inayosimamia matumizi ya rasilimali za viumbe kati ya nchi. Mgeni akikuomba umtumie “kidogo tu kwa posta”, kataa.

Ukiwa na kibali, chukua kipande kidogo chenye ukingo, sehemu ya juu na ya chini, na uache kilichobaki kikiwa kimeshika mtini. Kikaushe taratibu penye upepo au mbali juu ya jiko la mkaa, kisipikwe. Kwa uyoga laini, laza kofia juu ya karatasi iliyo nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli, na asubuhi utakuta vumbi la spora na rangi yake. Mahali pa kupeleka vipande vilivyokaushwa pamoja na maelezo yake ni hifadhi ya mimea ya Makerere. Picha zinaweza kwenda iNaturalist, lakini ficha mahali kamili, programu inaruhusu. Ramani inayoonyesha mvule mnene au mteremko wenye Elgon teak ni zawadi kwa mwenye msumeno.

Kulinda

Kulinda kuvu hizi ni kulinda mbao kuukuu, na hapo ndipo mgongano ulipo. Kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Elgon kuna makubaliano yanayowaruhusu wananchi kuchukua vitu fulani msituni, vikiwemo malewa (machipukizi ya mianzi) na kuni kavu. Kuni kavu ndiyo nyumba ya kuvu. Sitamwambia mama mwenye sufuria ya maharage isiyoiva auhurumie uyoga. Lakini kuni za jikoni ni matawi, na magogo manene hupasuliwa kwa shoka na wanaume wanaokwenda kuuza. Kama unakaa kwenye kamati ya kijiji inayojadili makubaliano hayo, shikilia mpaka huo: chochote kinene kuliko paja kilale pale kilipoangukia.

Shambani, adui mkubwa ni moto. Miwa inapochomwa, au mrina asali anapowasha moto ndani ya uwazi, mti uliochukua miaka mia kukua unaungua kwa usiku mmoja. Lima ukanda mtupu kuuzunguka mti kabla ya msimu wa kuchoma. Mjini, acha kuziba matundu ya miti kwa saruji. Unyevu unabaki ndani na mti hauponi. Tawi linalotishia watu barabarani likatwe, na hapo sina ubishi, lakini kukatwa kwa tawi kusiwe sababu ya kuung’oa mti. Hata mti uliokufa unaweza kupunguzwa uwe shina la mita tatu au nne lisiloweza kumwangukia mtu, na vipande vinene vikalazwa kando ya ua.

Panda warithi sasa. Miche ya mvule ikipandwa peke yake kwa wingi hushambuliwa na mdudu Phytolyma, anayetengeneza uvimbe na kuua ncha. Ichanganye na miti mingine na kivuli chepesi, mmoja mmoja kando ya shamba.

Na siku ukisikia mvule unaoufahamu umeuzwa, wahi kabla ya jioni. Mara nyingi hutaweza kuuzuia. Sehemu yenye uwazi haina faida kwa mpasuaji mbao, naye huiacha. Anayeifuata ni mchoma mkaa. Kaa na mwenye shamba mkadirie gogo hilo lingetoa magunia mangapi, umlipe thamani yake, na mkubaliane mbele ya mwenyekiti wa LC1 kwamba litabaki hapo hapo lilipolala. Piga picha zako tano, andika tarehe uliyoangushwa mti, na urudi kila msimu wa mvua kuandika nani ameondoka na nani ameingia.